Moshi wa Daktari wa Ng'ombe

Daktari wa ng'ombe alichukia maneno mawili tu katika lugha zote alizozijua: hakuna mtu. Ungemwita mchawi, angecheka. Ungemwambia chai yake ina ladha ya soksi, angekumiminia kikombe kingine. Lakini siku moja msoma mita wa maji alibisha geti letu, mtoto wa jirani akamjibu kwa ndani, "Hakuna mtu!" Weee! Mzee alitoka bafuni na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni, anafoka mpaka mishipa ya shingo imesimama. "Hakuna mtu? Kwani wewe ni nani? Mimi ni nani? Hiyo sauti inayosema hakuna mtu imetoka kwa jiwe?" Mtoto akaangua kilio. Msoma mita akaomba msamaha, na wala hakuwa na kosa. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikabaki na kibanio mdomoni. Nikasema moyoni, makubwa, mzee huyu ana lake jambo.

Tulikaa kipangu kimoja miaka mingi. Kipangu ndivyo tunavyoita hapa Kigali vyumba na vijumba kadhaa vyenye ukuta mmoja na geti moja, na chetu kiko Kicukiro, ukiteremka kidogo kutoka makutano ya Sonatubes. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Kondoa, Tanzania. Nilimfuata huku mume aliyekuwa dereva wa malori. Mume akaenda zake, nikabaki na binti yangu na cherehani yangu, ninayoshonea pale Remera. Daktari alikuwa Mkenya, Mmasai wa upande wa Laikipia. Alikuja Rwanda kutibu ng'ombe wa mradi fulani, mradi ukaisha, yeye akabaki. Jina lake nalijua, ila hapa kwetu halikutumika hata siku moja. Watoto walimwita Daktari, Wanyarwanda wakamwita Muzehe kama wanavyomwita mzee yeyote wa kuheshimiwa, na mimi nikafuata watoto. Yeye aliniita Mama Salma.

Alikuwa mrefu mpaka anainama kupita mlango wake mwenyewe. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa tangu ujana, zinaning'inia, na alipopokea simu aliipandisha moja juu ya sikio kama mtu anayekunja mkono wa shati, ndipo akasema "halo". Watoto wa kipangu hawakumpa shikamoo wala mkono. Walimwendea wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja, kimya, hata kama ana haraka. Salma wangu alirudi kutoka shule siku ya kwanza akasema mwalimu wao hajui kusalimia, kampelekea kichwa mwalimu akadhani anatafuta chawa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Vituko vyake vilikuwa vingi, na havikuwa vinakaa pamoja. Mtu aliyeingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, akatoa ndama aliyekaa vibaya, aliogopa paka. Akimwona paka ukutani anapita upande wa pili wa ua, anajifanya anatazama simu. Alitibu ng'ombe maisha yake yote, lakini chai yake alikunywa kavu, hataki hata tone la maziwa, na ukimuuliza anasema maziwa ya pakiti ni maji yaliyosikia habari za ng'ombe. Hakuwahi kufuga kitu. Hata kuku. "Nikifuga hapa," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba nakaa hapa." Nikamwambia, Daktari, si unakaa hapa? Umeshazeeka hapa! Akanitazama kama nimemtukana, kisha akacheka kile kicheko chake kilichoamsha watoto wachanga.

Mvua nayo. Mvua ikinyesha Kigali watu wananuna, pikipiki zinajibanza chini ya paa la kituo cha mafuta, wauza nguo wa barabarani wanakusanya mali wanalaani. Redioni mtangazaji anasema leo hali ya hewa ni mbaya. Daktari alikuwa akigombana na redio. "Mbaya kwa nani? Si uniambie mbaya kwa nani?" Anatoa kiti, anakaa barazani, anaitazama mvua mpaka iishe, na hataki kuongeleshwa. Siku moja tulikuwa kila mtu na pikipiki yake, tunatoka Remera, mvua ikatukuta pale Sonatubes. Akamgonga dereva wake begani, akashuka katikati ya maji yote yale, akasimama kando ya barabara uso juu. Dereva akapiga kelele, "Muzehe, uko unaumwa? Panda twende, mvua iko nyingi!" Daktari akamlipa. "Wewe nenda tu," akasema. "Mimi nimefika." Na kwetu kulikuwa bado.

Sasa niseme habari ya moshi, maana ndiyo iliyomfanya asemwe zaidi. Daktari alikuwa na jiko la gesi, zuri kabisa, na alipikia hilo. Lakini kila jioni alitoa jiko la mkaa barazani, akaliwasha, akalipulizia mpaka likashika, akalitazama likitoa moshi, basi. Hapiki kitu. Anaota mikono kidogo, hata kama kuna joto, kisha anaingia ndani. Akisafiri, hata akienda Huye siku mbili kuwafundisha vijana wa mifugo, lazima amkabidhi mtu ufunguo na mkaa. "Uniwashie, Mama Salma. Nyumba isikae bila moshi." Nikamuuliza kwa nini, ni dini ya kwenu? "Si dini. Mtu akipita akaona hakuna moshi, anaanza kupima ukuta kwa hatua." Nikacheka. Nani apime ukuta wa chumba cha kupanga jamani, tena chenye nyufa? Mama mmoja jirani yetu, Mnyarwanda anayeuza vitambaa, alisema mzee anafukuza mashetani. Tukakubaliana hivyo, maisha yakaendelea.

Halafu kulikuwa na jerikani. Pembeni ya mlango wake, chini ya dirisha, alipanga jerikani za njano zilizojaa maji, zimefunikwa turubai. Hizo hakuzigusa. Yeye mwenyewe alichota bombani kama sisi, alipanga foleni kama sisi, na maji ya bomba yakikatika asubuhi moja alikwenda kununua kwa wauza maji wa mkokoteni huku jerikani zake zimejaa pale pale. Ukiomba kikombe kimoja tu cha kunawia, anakwambia hapana. Mzee wa watu, mkarimu, anayegawa sukari na dawa za minyoo bure, anakunyima kikombe cha maji! Kila baada ya muda alimwaga yale ya zamani kwenye migomba akajaza mapya, akafunika. Tulimwona bahili wa ajabu.

Kiangazi kimoja maji yalikuwa ya kusuasua. Kulikuwa na kijana mpangaji mpya, karani wa benki, anapenda gari lake kuliko mama yake. Jumamosi akaona jerikani zimekaa. Akazifungua, akaosha gari. Gari! Daktari alirudi kutoka sokoni akakuta povu linateremka kwenye mfereji.

"Nani amekuruhusu?" akauliza, taratibu, na hiyo taratibu ndiyo ilinitisha.

"Muzehe, basi samahani," kijana akajibu, sponji mkononi. "Niliona hii maji iko inakaa tu. Haina mutu."

Yampaye inka! Ndivyo alivyosema yule mama wa vitambaa akishika kifua, maana Mnyarwanda akishtuka sana huapa kwa aliyempa ng'ombe. Daktari alikamata ile sponji akaitupa juu ya paa. Akamwambia kijana maneno ambayo siwezi kuyaandika, ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya kwao. Nikamshika mkono, nikamwambia, Daktari, ni maji tu. Akanigeukia machozi yamemlenga. "Si maji," akasema. "Ni kesho." Nilishangaa mzee mzima analia kwa ajili ya jerikani.

Alizijaza tena, kwa mkokoteni, kwa pesa yake. Na wiki chache baadaye maji yakakatika kweli kweli. Bomba kavu, wauza maji hawaonekani, watoto wanaoga kwa kitambaa. Siku ile watu walipoanza kuazima maji ya kunywa, Daktari akavua turubai. Akasimama pale na kopo, akatuita mmoja mmoja kwa majina, kuanzia wenye watoto wachanga. Aligawa yote. Yule karani wa benki alijificha chumbani kwa aibu, Daktari akamgongea mlango mwenyewe. "Toka, mjinga wewe, chukua maji." Kwake yeye hakubakiza jerikani hata moja. Kumbe yale maji yalikuwa yetu tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tunamsema!

Jioni ile, akiwasha jiko lake, nilikaa naye barazani nikamwambia sasa nieleze, maana umenichanganya. Akanieleza. Nimelisimulia jambo hili kwa watu kadhaa tangu siku ile.

Kwao, alisema, majani mazuri kuliko yote hayaliwi. Wazee wanachagua bonde lenye maji na nyasi, wanasema hili lisiguswe. Mvua ikiwa nzuri, watu wote na mifugo yao wako kwingine, mbali, na lile bonde linakaa peke yake, nyasi zinafika kifuani. Ndama wa mtu akiingia humo mwenyewe anatozwa faini. Ni akiba. Kiangazi kikibana mpaka kwingine kote kumebaki vumbi, wazee wanakaa, wanataja siku, ndipo bonde linafunguliwa na kila mwenye mfugo anaingia, ndugu na asiye ndugu.

"Sasa fikiria, Mama Salma. Babu yangu alikuwa kijana. Kwanza ilikuja sotoka, ng'ombe wakafa mpaka fisi wakashiba wakaacha. Ikaja ndui kwa watu. Ikaja ukame. Waliobaki wakatawanyika huku na huku kutafuta chochote, lakini bonde hawakuligusa. Walikuwa wana njaa na hawakuligusa, kwa sababu siku yake ilikuwa haijafika. Na mwaka huo huo, si mwingine, ndio Mzungu akapita na hema zake. Akaona nini?"

Nikakisogeza kiti changu karibu.

"Akaona nyasi mpaka kifuani. Mto. Hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna ng'ombe. Akaandika: hapa hakuna mtu." Akapulizia jiko ingawa lilikuwa limeshika. "Wazee wakataja siku. Babu na kaka yake na wengine wakapeleka mifugo iliyobaki, ng'ombe mbavu nje, wengine wanasukumwa na watu wawili wawili ili wasianguke. Wakakuta nguzo. Wakakuta mtu na bunduki anawaambia ni wavamizi. Wavamizi! Ng'ombe walikuwa wamesikia harufu ya maji, hawazuiliki. Wakavunja. Kaka yake babu akaingia kuwageuza, ana fimbo mkononi, akapigwa risasi akiwa anakimbiza ng'ombe wake watoke. Anawatoa, si anawaingiza. Na mimi nimesoma vitabu vyao, nilivitafuta nikiwa chuoni. Wameandika kwamba wamorani walishambulia kwa sababu ni watu wa vita. Hawakuandika kwamba ng'ombe walikuwa na kiu."

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba wazungu walipokuja walikuta pori. Nikaandika pori, nikapata vema. Hakuna aliyeniambia kwamba pori lile lilikuwa ghala la mtu. Nikasema tu, "Ya Rabi," nikaziangalia zile jerikani tupu chini ya dirisha. Halafu nikauliza kilichobaki ni nini. Akasema kuna kipande, upande wa mawe, walichoachiwa kwa sababu Mzungu hakukitaka, na ndani yake kuna kibonde kimoja kizuri. Hicho ndicho akiba ya ukoo mpaka leo. Kiko chini ya wazee wachache na yeye ni mmoja wao. "Ukisikia nimekufa hapa Kigali," akasema, "ujue kile kibonde bado hakijaguswa." Alilisema kwa kujivuna, akapandisha ndewe juu ya sikio akaingia ndani.

Mtoto wake wa kiume, wa pekee, alikuja kiangazi cha mwaka jana. Niseme kweli, nilimpenda yule kijana. Mpole, shati limenyooshwa, kaja na majani ya chai ya Kericho na shuka jipya la baba yake. Alimwinamishia baba kichwa pale barazani, mtu mzima na kipara kinaanza, na Daktari akakigusa kile kipara kwa muda mrefu kuliko alivyogusa vichwa vya wanetu. Nilikuwa nimeleta koti la Daktari nililolibadilisha bitana. Nikataka kuondoka, wakanizuia, nikamiminiwa chai.

Kijana alikuwa anafanya kazi Nairobi, kampuni ya kukodisha ardhi. Akaanza kwa mbali, habari za ukame wa kule, ada za shule za watoto wa ukoo, zahanati isiyo na dawa. Akasema kuna watu wanataka kujenga kambi ya watalii, watalipa kila mwaka, na wazee wengine wamekubali. Imebaki sahihi ya baba. "Baba, ile ardhi imelala tu. Hakuna anayeitumia. Ona mwenyewe." Akatoa simu. Walikuwa wamepiga picha kwa kile kidude kinachoruka, kinaonyesha nchi kutoka juu.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kibonde cha kijani, mto unameta, vivuli vya mawingu vinapita. Daktari alisogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Hakuwa amepaona miaka mingi. Alikuwa anatabasamu.

"Unaona?" kijana akasema. "Mwisho hadi mwisho. Hakuna mtu."

Nilifunga macho. Nilingoja kelele, nilingoja simu itupwe juu ya paa. Kelele hazikuja. Nilipofungua macho Daktari alikuwa anavaa miwani.

"Rudisha," akasema. "Nyuma kidogo. Hapo. Simamisha."

Kijana akasimamisha.

"Nani ameweka waya?"

"Waya gani, baba? Hakuna waya hapo."

Mimi pia sikuona waya. Daktari akaweka kucha yake kwenye kioo. Upande mmoja wa kucha nyasi zilikuwa ndefu, za kijani. Upande wa pili ardhi nyekundu, tupu, imelambwa. Na mpaka kati ya pande mbili ulikuwa umenyooka kama mshono wa suruali, kutoka mtoni mpaka kwenye mawe.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe," akasema. "Ng'ombe hawali kwa rula."

Kijana akainamisha kichwa, na safari hii hakikuguswa. Akasema, kwa sauti ambayo tulilazimika kuisogelea, kwamba wale watu waliomba kuanza kazi mapema kidogo, kwamba sahihi zilikuwa zinakuja tu, kwamba ni utaratibu. Mimi, kwa kutojua la kusema, kwa kutaka tu ile hali ipite, nikaonyesha madoa meupe yaliyopangana kando ya ule mstari, upande mwekundu. "Na hayo mawe meupe ni ya nini, wanajengea?"

Daktari akavua miwani.

"Si mawe, Mama Salma."

Mama yangu weee! Nilikiweka kikombe chini kikaanguka. Walikuwa ng'ombe waliokufa, wamelala vichwa vyote upande mmoja, vimeelekea kwenye nyasi. Mpaka leo nikikata kitambaa cheupe naviona. Ndugu zake Daktari walikuwa wameleta ng'ombe siku ilipofika, na siku ilipofika ikawa kama ya babu yake, ila safari hii aliyesema kwamba hakuna mtu alikuwa kitukuu wa mwenye fimbo. Na alikuwa amekaa mbele yetu na shati lake limenyooshwa, analia, hajui hata analia nini.

Daktari hakumtukana. Alimpikia ugali, akamtandikia kitanda chake, yeye akalala kwenye kiti. Asubuhi kijana akaondoka bila sahihi. Wiki hiyo hiyo Daktari akanikabidhi ufunguo na gunia la mkaa. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege Kanombe. Njiani alisema jambo moja tu: "Uniwashie."

Nikamwashia. Kila jioni nikitoka Remera, miguu imevimba kwa pedali, nawasha jiko la mtu asiyekuwepo. Salma akaniuliza kama na mimi nimekuwa Mmasai. Wakala wa mwenye nyumba alikuja akanusanusa, akaona moshi, akarudi zake. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia.

Akarudi bila kupiga simu. Nilikuwa nimeinama napuliza mkaa nikaona viatu mbele yangu, nikanyanyua macho. Amekonda mpaka koti nililolitia bitana linamcheza. Nikamwambia karibu, Daktari, moto wako huu. Hakuketi.

"Nilifika kwenye waya," akasema. "Kuna kijana mlinzi, amevaa sare, ana rungu. Nikamwambia nataka kupita. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa. Ni wa ukoo wetu, Mama Salma, wamewaajiri watoto wetu wenyewe! Nikapitisha mkono katikati ya nyaya nikamgusa kichwani. Kisha akaniambia, kwa lugha ya mama yangu, mzee ondoka, wakikuona watanifukuza kazi."

Nikamsogezea kiti, hakukitazama.

"Wazee wenzangu walioweka sahihi wamejuta, sasa wanasema tungoje mahakama. Mahakama ni sawa, tumepeleka. Lakini wakili wa wale watu alisimama akauliza, kama ni yenu, mbona mlikuwa hamkai? Mbona mmoja wenu yuko Rwanda?" Akalitazama jiko, akakitazama chumba, ule ukuta wenye nyufa, dirisha, zile jerikani alizozijaza tena kabla ya kusafiri. "Maisha yangu yote nimelinda chumba cha kupanga."

Nilimwambia pole, nikaiona pole yenyewe ndogo, haina hata pa kukaa. Mama wa vitambaa alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani, na yeye Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini siku ile alielewa kila neno.

Hakulala zaidi ya usiku ule. Asubuhi aliwapa watoto vitabu vyake, akampa karani wa benki jerikani zote, zimejaa, akamwambia azifunike. Karani akasema ndiyo, Muzehe, na akainamisha kichwa. Vitu vingine aliniachia mimi. Kilichobaki mkononi ni begi moja na lile jiko la mkaa, bado lina majivu. Nikamwambia, Daktari, majiko yako mpaka Nairobi, unabeba uchafu wa nini? Akapanda pikipiki ya kwenda Nyabugogo kwenye mabasi, jiko mapajani, suruali yote majivu. "Hili limeshazoea," akasema. Watoto wakalikimbilia geti, vichwa chini, akawagusa wote hapo hapo pikipiki inanguruma.

Chumba kimepangishwa. Kuna wenzi wapya, wazuri tu, wanapikia gesi.

Juzi napiga pasi gauni la bibi harusi, simu ikalia, simu ya picha. Ni yeye. Nyuma yake vumbi jekundu, turubai moja, nyaya zinazopita mpaka upeo wa macho, na upande wa pili zile nyasi. Jiko liko mbele ya turubai, hatua moja kutoka kwenye waya. Nikamuuliza kama anakula, akasema anakula. Nikamuuliza kesi, akasema bado inaahirishwa. Nikamuuliza mwanawe, akasema hajapiga, lakini kile kidude chao kinachopiga picha kilipita jana juu ya kichwa chake, alikisikia kinavuma kama nyuki.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

Akapandisha ndewe juu ya sikio. Akaigeuza simu nione moshi, mnene, unapanda wima mpaka juu kabisa.

"Nikaongeza kuni mbichi," akasema.